Maumivu ya mgongo wa chini: maswali tunayoulizwa Bukavu kuhusu chanzo chake na namna ya kuyapima

Maswali haya yanatoka kwa watu tunaokutana nao katika chumba cha kine (tiba ya viungo) hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo: wamama wabebaji mizigo wa mtaa wa Kadutu, vijana wa pikipiki, walimu, wauguzi, na wanafunzi wa udaktari wenye memwari (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo) ya kuandika. Tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Kama miguu yako imelegea ghafla au mkojo umekataa kutoka, ruka yote uende kwenye swali la dalili za hatari, kisha uende hospitali leo hii.

Mgongo wa chini ni wapi hasa?

Ni kuanzia chini ya ubavu wa mwisho hadi kwenye mkunjo wa makalio. Wengine wanasema kiuno, wengine mgongo, wengine wanaonyesha kwa mkono tu; tunapokea vyote ilimradi mkono uko hapo. Maumivu ya chini ya wiki 6 ni mapya, yakivuka wiki 12 tunayaita sugu, na yaliyo katikati yako katikati. Yakishuka mguuni kupita goti tunayaandika pembeni, kwani huenda ni mshipa wa fahamu unaobanwa.

Mtu anaweza kudhani tunapoteza muda kwa mipaka hii. Basi tazama hili. Mwaka 2018 watafiti wa Afrika Kusini walikusanya tafiti 65 za bara letu na kupata kwamba asilimia 39 ya watu walikuwa na maumivu siku walipoulizwa, asilimia 57 waliumwa ndani ya mwaka, na asilimia 47 waliwahi kuumwa maishani. Aliyeumwa mwaka huu amekwisha kuumwa maishani, kwa hiyo namba ya maisha haiwezi kuwa ndogo kuliko ya mwaka. Hakuna aliyedanganya. Kila utafiti uliuliza kwa namna yake, watu wake na mpaka wake wa mgongo, na vilipochanganywa hesabu zikagongana. Ndiyo maana tunakupa mchoro wa mwili na kalamu, utie rangi pale panapouma. Watafiti wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya swali la pamoja lenye mchoro mwaka 2008, na sisi hatuoni sababu ya kubuni letu.

Juu ya nini hamuniambie ugonjwa wangu unaitwaje?

Kwa sababu mara nyingi jina tungekupa lingekuwa la kubahatisha. Kati ya watu 10 wanaokuja na maumivu ya mgongo wa chini, kama 9 hatuwezi kuwaonyesha kwa uhakika sehemu moja iliyoharibika. Kitaalamu yanaitwa maumivu yasiyo na chanzo mahsusi. Wagonjwa hulichukia jina hilo na hatuwalaumu, maana linasikika kana kwamba tunasema hakuna kitu.

Kitu kipo. Msuli unaweza kuuma, kano inaweza kuuma, viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinaweza kuuma, hata diski yenyewe, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili. Shida ni kwamba vyote hivyo viko karibu, vinatumia mishipa ya fahamu inayoingiliana, na hakuna kipimo cha kawaida cha kitandani kinachoweza kuvitenganisha kwa uaminifu. Mwaka 1934, huko Boston, Mixter na Barr walieleza jinsi diski iliyopasuka inavyoweza kubana mshipa na kuleta maumivu ya mguu. Ulikuwa ugunduzi mkubwa. Baada yake, kwa miaka mingi, kila mgongo ulioumia ulitafutiwa diski ya kulaumiwa, na waganga wengi wa zama hizi bado wako katika miaka hiyo.

Na si tatizo la Bukavu. Hesabu ya dunia kwa mwaka 2020 ilikuwa watu milioni 619 wenye maumivu haya, na hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu waishi miaka mingi zaidi wakiwa hawawezi kazi zao vizuri.

Docta, nipige radio (eksirei) basi, tumalize.

Hili ndilo swali la kila siku, na ndilo tunalobishana nalo zaidi. Mgonjwa ameuza mbuzi au amekopa kwa kikundi cha likelemba (mchango wa zamu), amefika na pesa mkononi, anataka picha. Kumwambia hapana inaonekana kama dharau.

Tuanze na watu wasioumwa. Mwaka 1994 nchini Marekani, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo waliingizwa katika mashine ya IRM (MRI), inayopiga picha za ndani ya mwili. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake angalau sehemu moja. Waliokuwa na diski zote safi walikuwa asilimia 36 tu. Mwaka 2015 zikakusanywa tafiti za watu 3,110 wasioumwa: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani ukimpiga picha baba wa miaka 60 asiyeumwa, anayepanda Bagira kila siku bila shida, kuna uwezekano mkubwa utaona kitu cha kuandika. Kisha siku mgongo wake ukiuma, kitu hicho hicho kinageuka kuwa sababu.

Wasomaji wa picha nao hawakubaliani. Mwanamke mmoja wa miaka 63 mwenye maumivu ya mgongo na mguu alipigwa IRM katika vituo 10 tofauti ndani ya wiki 3, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika ripoti zote 10 yaliorodheshwa matatizo 49 tofauti. Hakuna hata moja lililoandikwa na vituo vyote 10.

Tena picha inaweza kukudhuru kwa njia usiyoitarajia. Nchini Uingereza watu 421 wenye maumivu yaliyodumu wiki nyingi waligawanywa kwa kura, nusu wakapigwa radio na nusu wakahudumiwa bila radio. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Baada ya miezi mitatu waliopigwa radio ndio waliosema wanaumwa zaidi. Lakini walikuwa pia wameridhika zaidi na huduma! Sisi tunaliona jambo hilo kila wiki: mtu anatoka na bahasha kubwa ya radio kwapani, amefurahi kwamba ameshughulikiwa, na kuanzia siku hiyo haokoti tena ndoo kwa sababu ameambiwa mgongo wake umeoza.

Kwa hiyo radio tunaiomba tukishuku kuvunjika, kifua kikuu cha mgongo, saratani, au mshipa uliobanwa vibaya hadi upasuaji uwe unafikiriwa. Kama hakuna dalili hizo, pesa ya radio inunue chakula.

Nimekwisha kupiga. Imeandikwa “erni ya diski”. Nitapasuliwa?

Pengine hapana. Erni ni diski iliyotokeza, na mara nyingi hunywea yenyewe kwa miezi, na zile zilizotoka sana ndizo hunywea zaidi. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Waholanzi walichukua watu 283 wenye maumivu makali ya siatiki, yaani ya mshipa mkubwa unaoshuka mguuni, yaliyodumu wiki 6 hadi 12, nusu wakapangiwa upasuaji wa mapema, nusu wakasubiri kwa dawa na uangalizi, na upasuaji ukabaki kama akiba. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Mwaka mmoja baadaye asilimia 95 ya kila upande walikuwa wamepona, ingawa kati ya waliosubiri asilimia 39 walikuwa hatimaye wamepasuliwa. Hayo ni ya mwaka 2007. Kwetu, ambako kumpata daktari wa kupasua uti wa mgongo ni safari na gharama ya ukoo mzima, matokeo hayo yana uzito kuliko huko yalikoandikwa.

Lakini mguu ukizidi kulegea siku hadi siku, usisubiri.

Ni mizigo ndiyo imeniharibu?

Mama aliyeuliza hivi alikuwa amekaa na kamba yake mapajani, ile ya kupitisha kwenye paji la uso. Anashusha unga na makala (makaa) kutoka malori, anapanda navyo Kadutu, na akirudi nyumbani ana mtoto wa kubeba. Kumjibu “utafiti hauna uhakika” ni kumtukana, lakini kumjibu “ndiyo” bila maelezo si kweli yote.

Tunachojua vizuri ni kile kinachowasha maumivu. Huko Sydney, watu 999 waliopata maumivu ya ghafla waliulizwa walikuwa wakifanya nini kabla tu ya kuanza kuumwa, kisha wakalinganishwa na wao wenyewe siku zilizotangulia. Kazi ya mikono katika mkao mbaya iliongeza uwezekano karibu mara 8. Kufanya kazi huku akili iko kwingine, yaani mtu ameshtuliwa au anaitwa, kuliongeza mara 25. Uchovu nao umo. Ukiusoma utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2015, unaona soko la asubuhi: mzigo unasukumwa juu ya mgongo wako na mtu mwingine, tope limelowa, dereva anapiga honi, na mwenye mali anapigia kelele bei.

Kinachobishaniwa ni kama kubeba kwa miaka mingi, peke yake, huleta maumivu sugu. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walipitia tafiti za kuinua na kubeba kazini wakahitimisha kwamba ushahidi haukutosha kusema hivyo. Pacha wa Finland waliochunguzwa kwa miaka mingi walionyesha jambo la karibu na hilo: ndugu mmoja akifanya kazi nzito na mwenzake kazi nyepesi, diski zao hufanana kuliko mtu angetarajia, kwa kuwa kurithi kunachangia zaidi. Haya ni matokeo ya kweli na hatuyatupi. Tunachokataa ni kuyabeba yalivyo na kumwekea mama wa Kadutu. Waliopimwa katika tafiti nyingi hizo ni wafanyakazi wenye saa za kazi, likizo na mizani ya mzigo. Yeye hana hata kimoja.

Kuna utafiti unaopendwa sana kunukuliwa, wa mwaka 1986, uliofanywa Kenya. Wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba kwa kamba ya kichwa kama hapa kwetu, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Nepal nako, mwaka 2005, wapagazi wanawake walikutwa na mizigo ya wastani wa asilimia 66 ya uzito wao, na wanaume asilimia 93. Watu husoma hayo na kusema: basi miili yao imezoea. La hasha. Kilichopimwa ni hewa ya oksijeni inayotumiwa. Hakuna aliyewauliza mgongo umelalaje usiku ule. Mwili unaweza kubeba kwa ustadi mkubwa na bado ukauma.

Jibu letu kwa mama huyo lilikuwa hili: mzigo unawasha maumivu yako, na huenda unayazuia kupoa, hatuna ushahidi kwamba umekuvunja, na kupunguza uzito wa kila safari, hata kama safari zinaongezeka, ni jambo linalofaa kujaribiwa kabla ya dawa yoyote. Akatuuliza nani atamlipa hizo safari za ziada. Ni swali zuri, na utafiti wa kitabibu peke yake hauwezi kulijibu.

Na pikipiki?

Mtikisiko wa mwili mzima unahusishwa na maumivu ya mgongo kwa madereva wa mashine na magari makubwa. Hilo limeonekana katika tafiti nyingi za wafanyakazi, ingawa ni vigumu kuutenganisha na kukaa muda mrefu. Barabara zetu zinaongeza mashimo. Shuka, nyoosha mwili, tembea kidogo kati ya abiria na abiria.

Si figo kweli?

Kwa kawaida si figo. Figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu, na zikiuma mara nyingi ni upande mmoja, pamoja na homa, kutapika, au mkojo wenye damu au unaochoma. Maumivu yanayobadilika unapoinama, unapogeuka kitandani au unapoinuka kwenye kiti yanaelekea kuwa ya mgongo. Watu wengi hupimishwa mkojo mara tatu nne na kumeza antibiotiki bila sababu.

Mgongo wangu ulianza baada ya rachi (sindano ya ganzi ya mgongoni) waliyonichoma nikijifungua kwa operesheni.

Tunawaamini wamama wanaposema ulianza wakati huo, maana mimba yenyewe, kunyonyesha kwa kujikunja, kuinua mtoto na kukosa usingizi vyote huja pamoja. Mahali palipochomwa panaweza kuuma kwa siku kadhaa. Ama maumivu ya miezi na miaka, sindano ya mgongoni imepimwa: Uingereza wanawake 369 waligawanywa kwa kura wakati wa uchungu, wengine wakapewa dawa ya kutuliza uchungu kupitia mgongoni, wengine kwa njia nyingine, na walipofuatiliwa kwa miaka zaidi ya miwili hapakuwa na tofauti ya mgongo kati yao. Ilichapishwa mwaka 2002. Sindano ile si sawasawa kabisa na rachi ya operesheni, ila sindano hupita mahali pale pale.

Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu kuna wamama wanaokataa operesheni inayohitajika kwa hofu ya rachi.

Ni dalili gani za hatari?

Kwanza zile za kukimbia hospitali siku hiyo hiyo: ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mahali pale unapokalia tandiko, mkojo kutotoka au kutoka bila kujua, haja kubwa kukutoka, miguu yote miwili kulegea. Mishipa ya chini kabisa ya uti wa mgongo inabanwa, na saa zina maana.

Nyingine zinataka uchunguzi ndani ya siku chache: kuanguka au ajali, hasa kwa mzee au anayetumia kotizoni kwa muda mrefu, saratani ya zamani, homa, kukonda bila sababu, maumivu yasiyopoa usiku wala ukilala.

Orodha hizi zina udhaifu wake. Australia walifuatilia watu 1,172 wenye maumivu mapya. Watu 4 kati ya 5 walikuwa na angalau dalili moja ya hatari, lakini waliokutwa na ugonjwa mkubwa ni 11 tu, na 8 kati yao ilikuwa mfupa uliovunjika. Dalili moja peke yake haisemi mengi. Daktari akikutana na dalili mbili tatu pamoja ndipo anapoinuka kwenye kiti.

Ila Bukavu si Sydney. Hapa lazima tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa aliouandika Percivall Pott huko London mwaka 1779 na ambao kwetu haujawa historia. Huja polepole, kwa wiki na miezi. Mtu anakonda, anatoa jasho usiku, mgongo unakaza, halafu pingili inaporomoka na kibyongo kinatokeza. Anaweza asikohoe hata siku moja, na mwanzoni radio inaweza kuonyesha kawaida. Dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure na programu ya taifa. Kinachoua ni kuchelewa. Wafugaji na wanywa maziwa mabichi tunawauliza juu ya homa ya vipindi, kwa sababu ya bruselosi, ambayo hupenda pingili. Mtoto au kijana wa SS (selimundu) anaweza kuumwa mgongo vibaya mno wakati wa kirizi, yaani ugonjwa huo unapomshika ghafla.

Na kuna konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, bila homa. Hiyo si diski. Hutokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha pamoja na upungufu wa protini, na mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kujitokeza kwake Kivu Kusini, katika eneo lililochoshwa na vita. Tumewahi kuona karatasi ya rufaa iliyoandikwa “siatiki ya pande mbili”. Uliza familia imekula nini miezi hii.

Docta aliniinua mguu, akanigonga goti, basi. Hicho ni kipimo?

Ni kipimo, tena kizee. Kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala chali kulielezwa na Lazarević wa Serbia mwaka 1880, ingawa vitabu vingi humpa heshima Mfaransa Lasègue. Mguu ukiinuliwa, mshipa wa siatiki unavutwa. Maumivu yakishuka kupita goti tunashuku mshipa kubanwa. Kuvutika tu nyuma ya paja hakuhesabiki, na wanafunzi hukosea hapo kila mwaka. Kipimo hiki kinakamata karibu wote wenye tatizo, lakini kinakamata pia wengi wasio nalo. Ukiinua mguu usiouma na ule unaouma ukalalamika, hapo jibu lina nguvu zaidi, ila hutokea kwa wachache.

Kisha tunakuomba uinue kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wetu, usimame kwa ncha za vidole, utembee kwa visigino. Tunagonga goti na kisigino. Kila kimoja kinauliza mshipa fulani. Gharama yake ni nyundo ndogo na dakika kumi, na majibu yake yanafaa kuliko radio nyingi tulizoletewa.

Kupima kwa utepe jinsi mgongo unavyokunjika tunakufanya pia, lakini namba hiyo haiendi sambamba sana na jinsi mtu anavyoishi na maumivu yake. Kuna wanaogusa sakafu kwa viganja wakilia.

Mbona fomu zenu zina maswali mengi, na mengine ya aibu?

Kwa sababu maumivu hayana mashine ya kuyasoma. Anayejua ni wewe, na fomu ni njia ya kukuuliza leo na baada ya miezi mitatu kwa maneno yale yale.

Fomu mbili zinatumika duniani kote. Ya Oswestry, iliyotoka Uingereza mwaka 1980, ina sehemu 10: ukali wa maumivu, kujihudumia, kuinua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, tendo la ndoa, maisha ya watu, safari. Kila sehemu ina alama 0 hadi 5, na jumla hugeuzwa asilimia. Ya Roland na Morris, ya mwaka 1983, ina sentensi 24 za kukubali au kukataa. Alama zikishuka kwa 10 katika ya kwanza, au 5 katika ya pili, wengi huhesabu kwamba mgonjwa mwenyewe ameyaona mabadiliko.

Shida inaanza unapokaa na mama wa kijijini huko Walungu. Fomu inauliza kama anashika mkono wa ngazi akipanda ghorofani. Nyumba yake haina ghorofa. Ana kilima kizima. Inauliza anaweza kukaa kwenye kiti muda gani. Yeye hukaa kwenye kistuli cha jikoni au chini. Haimuulizi kuchuchumaa, kulima kwa kuinama, kutwanga sombe (majani ya muhogo), kufunga mtoto mgongoni. Akijibu kwa adabu maswali yasiyomhusu, anapata alama nzuri na anarudi nyumbani akiumwa.

Kwa hiyo kutafsiri hakutoshi. Utaratibu unaokubalika unataka watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, matokeo yaunganishwe, wengine wasioijua fomu ya asili wairudishe katika lugha yake ya kwanza, kamati ikae, kisha watu 30 hadi 40 waijaribu na waulizwe walichoelewa. Sisi tunaongeza sharti: kati ya wajaribu hao wawemo wasiosoma, na wawemo wa Kiswahili cha hapa, maana Kiswahili cha vitabuni nacho kinaweza kumpita mtu wa Kabare anayewaza kwa lugha yake ya Mashi.

Kwa kazi ya kila siku tunapendelea kipimo kimoja chepesi kilichotoka Kanada mwaka 1995: mgonjwa mwenyewe anataja kazi tatu hadi tano zilizomshinda na kuipa kila moja alama 0 hadi 10. “Kupanda na jerikani.” “Kusimama misa nzima.” “Kuosha nguo ziwani.” Asiyezoea namba tunampa maharagwe kumi mezani agawe mwenyewe. Kipimo hicho hakilinganishi watu wawili vizuri, lakini kinamfuata mtu mmoja kwa uaminifu.

Ama swali la tendo la ndoa, una haki ya kuliacha. Tunachoomba ni mwulizaji awe wa jinsia yako na mlango ufungwe, na mara nyingi likiulizwa hivyo linajibiwa.

Mnauliza mawazo, usingizi, hofu. Mnasema mgongo wangu ni wa kichwani?

Hapana, mama. Mgongo ni wa mgongoni. Lakini maumivu hupikwa na mwili mzima, na usingizi mbovu, huzuni na hofu ya kusogea ni miongoni mwa vinavyotabiri nani atakaa nayo. Katika kiwanda cha ndege cha Boeing nchini Marekani wafanyakazi 3,020 walifuatiliwa, na mwaka 1991 ikaonekana kwamba kutoipenda kazi kulitabiri malalamiko ya mgongo kuliko vipimo vya nguvu na mwili. Kuna fomu fupi ya maswali 9 kutoka Keele, Uingereza, inayowagawa wagonjwa mapema kulingana na vihatarishi hivyo. Ilipojaribiwa kwa watu 851 mwaka 2011 ilisaidia na kupunguza gharama, ingawa jaribio la baadaye Marekani halikurudia mafanikio hayo. Katika mji ambao milio ya risasi imewahi kuwa saa ya kuamkia, hatuwezi kuacha kuuliza usingizi.

Nilale wiki ngapi?

Usilale wiki. Mwaka 1986 watu 203 walipangiwa siku 2 au siku 7 za kitanda. Wa siku 2 walipoteza siku chache zaidi za kazi na hawakuumia zaidi. Endelea na shughuli unazozimudu, punguza uzito, rudi taratibu. Na paracetamol? Jaribio la watu 1,652 nchini Australia, la mwaka 2014, lilikuta waliokunywa paracetamol walipona kwa siku 17 na waliokunywa kidonge kitupu siku 16. Vidonge vya tramadol, dawa kali ya maumivu, vinavyouzwa barabarani usiviguse.

Mimi ni mwanafunzi, nataka memwari juu ya mgongo. Nichague nini?

Usihesabu tena asilimia ya wauguzi wanaoumwa mgongo katika hospitali moja. Hiyo tunayo mashelfuni. Fuatilia watu. Chukua wabebaji wanaoanza kazi, wasioumwa, uwarudie kila mwezi. Hapo ndipo utajua kama mzigo ulitangulia maumivu au la, jambo ambalo kuuliza mara moja hakuwezi kukuonyesha. Pima mizigo kwa mizani halisi, kwa sababu kila mtu hukisia. Andika umri, mimba, idadi ya safari, kilima. Tumia swali la pamoja la mchoro na kipimo kimoja tu cha ulemavu ulichokijaribu. Na panga mapema utawapataje watu waliohama, maana hapa watu huhama.

Nikikubali kushiriki katika utafiti, nitapata nini?

Pesa hapana, zaidi ya nauli pale ambapo mradi umeipanga. Utachunguzwa, na tukikuta dalili ya hatari utapelekwa unapostahili, hata kama utafiti unakupoteza. Utasomewa karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi au kidole. Kamati ya maadili lazima iwe imeipitisha. Unaweza kuacha siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako hayaguswi. Jina lako haliingii katika ripoti.

Siku ya kuja vaa nguo inayoruhusu kukunja goti na kuonyesha mgongo, leta radio za zamani kama unazo, na uje na kamba yako au mfuko unaoubeba kila siku. Mizani tunayo.